Kumtembeza Mngoni Kando ya Ruaha Mdogo

Tulipomzika Mama Tusajigwe, vijana wa hospitali waliniomba nisimame niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliokuwepo. Nilisimama. Nikavua kofia, nikaitazama ndani kana kwamba neno limewekwa humo, kisha nikaivaa tena nikakaa. Baadaye kijana mmoja wa mazoezi ya viungo aliniuliza kwa heshima, "Mzee Kalinga, hivi huyu mama alikuwa anafanya kazi gani hasa?" Nikamjibu, "Alikuwa anatembeza watu." Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mnavyomwitikia mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa.

Angekuwa Mngoni, mtani wetu sisi Wahehe, ningejua la kufanya. Ningeingia kaburini nikakataa kutoka, nikamsema mpaka wanawe wacheke. Lakini alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe na mimi ni Mhehe, na utani wa makaburini hatuna. Kwa hiyo nilibeba udongo, nikanyamaza. Sasa nimestaafu, nina muda, na ninyi mlioniuliza mnastahili jibu refu kidogo. Habari za vyeo sitaandika, maana sikupata. Za mshahara mnazijua. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona kosa sahihisheni, vyeti mnavyo.

Nilianza kazi miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, imekaa juu ya kijiji cha Ilawa, na chini ya kijiji unapita Ruaha Mdogo. Dokta wetu aliamini kwamba mtu aliyelala kitandani muda mrefu, akianza kuinuka, lazima atembezwe kidogo kidogo penye hewa. Kwenye faili aliandika maneno mawili tu: matembezi mepesi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa idara yetu. Mkuu wa idara alikuwa Mama Tusajigwe, na wafanyakazi wake nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilikwenda nimeoga, shati limepigwa pasi, nikitegemea koti jeupe na pengine sindano. Mama Tusajigwe hakunitazama usoni. Alinitazama miguuni.

"Viatu hivyo umeazima," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vya nani?"

"Vya shemeji."

"Mrudishie shemeji. Kesho njoo na vyako, hata kama ni katambuga za tairi. Huwezi kumtembeza mtu huku unawaza viatu vya shemeji."

Badala ya koti jeupe alinipa kigoda cha miguu mitatu, nikibebe begani kila tutokapo, ili mgonjwa akitaka kukaa akae hapo hapo, si mbele kidogo. Watoto wa Ilawa waliniona nikipita na kigoda changu wakaniita Bwana Karibu-Ukae. Jina hilo lilinifuata hata nilipohamishiwa Mbeya baadaye, ingawa kule sikubeba kigoda na hakuna aliyejua limetoka wapi.

Njia zetu zilikuwa tatu. Ya kwanza tuliita ya vinyungu, kwa sababu inashuka polepole kutoka lango la hospitali mpaka kwenye bustani za bondeni ambazo watu wa kwetu hulima wakati wa kiangazi. Haina jiwe wala mteremko. Ng'ombe mzee anaipita amesinzia. Ya pili ilikuwa ya daraja. Unafuata ukingo wa mto chini ya mikuyu, maji yako upande wa kushoto yanasema peke yake, mpaka unapofika kwenye magogo mawili yaliyolazwa kuvuka mto, mahali wanawake wanapofulia. Ya tatu ilikuwa ya miwati. Hiyo inavuka daraja na kupanda kidogo hadi shamba la miti ya miwati nyuma ya shule, na ukifika juu unauona mto wote unavyozunguka kijiji kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Mgonjwa aliyefika miwati na kurudi bila kushikwa, Dokta alimwandikia ruhusa ya kwenda kwao.

Mama Tusajigwe alinifundisha kwamba mgonjwa hatembezwi kwa kutangulia, maana atajiona anaachwa, wala kwa kufuata nyuma, maana atajiona anaswagwa. Unakaa ubavuni, upande wa mguu mbovu, na unatazama kwingine. Alinikataza kabisa kumuuliza mtu kama amechoka, kwa sababu atasema hajachoka, kisha ataanguka ili asionekane mwongo. Ukiona pumzi imekuwa fupi, unamwonyesha shamba la mtu.

"Hebu tazama maharage haya, baba," angesema. "Huyu amepanda au amemwaga?"

Mgonjwa angesimama. Angeinama kidogo, angetazama mistari, angemsema mwenye shamba, na baba yake, na mbegu zake, na huku anasema pumzi inarudi yenyewe. Hakuna mkulima niliyemtembeza aliyepita shamba la mwenzake akakosa la kulisema. Mwenye maharage alikuwa bibi mmoja mkali, na siku moja alitusubiri.

"Kamwene," alisema, kwa sauti ya mtu asiyekuja kusalimia. "Kila siku mnasimama hapa kuyasema maharage yangu. Yana kosa gani?"

"Kamwene, dada," Mama Tusajigwe alimjibu. "Hayana kosa. Yanafanya kazi ya hospitali."

Akamweleza. Yule bibi aliguna akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo aliacha tuta moja bila kulipalilia, pale pale njiani, makusudi, ili wagonjwa wawe na la kusema.

Wagonjwa wagumu tulikuwa nao. Kulikuwa na mwenye duka wa Mbeya aliyetaka kuzimaliza njia zote tatu asubuhi moja ili awahi dukani kwake. Mama Tusajigwe hakubishana naye. Alimwacha atangulie, tukachukua machela, tukamkuta amekaa darajani anawaangalia wanawake wanaofua kana kwamba ndicho alichofuata. Kulikuwa na mfugaji Msukuma, mmoja wa wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kifua kilikuwa kimepona, lakini hakutaka kutembea hata kidogo. "Nitembee namfuata nani?" aliuliza, na lilikuwa swali la kweli, kwa sababu tangu utoto hakuwahi kutembea bila kitu mbele yake. Mama Tusajigwe akaazima ndama wawili kijijini. Mzee yule akakata fimbo, akawaswaga mpaka miwati na kurudi, na siku anaondoka aliwaaga ndama tu. Sisi alitusahau.

Sasa nifike kwa Benedikti Komba, ambaye ndiye hasa niliyetaka kumsema nilipoitazama kofia yangu pale msibani.

Muda mfupi kabla ya kuja kwake, wodini kulitokea jambo. Kulikuwa na Mngoni mmoja aliyekuwa anapona henia, na mimi kama Mhehe nilikuwa nampa haki yake kila asubuhi. Nilikuwa namwambia akifa blanketi ni langu, na asichelewe kwa sababu baridi inakuja. Naye alikuwa ananiuliza kama bado tunafuga mbwa au tumewamaliza mezani. Tulikuwa tunafurahi sana. Basi mama mmoja wa Iringa mjini, aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili, alinisikia nikidai blanketi la mtu aliye hai. Alitoka mbio mpaka ofisini. Sista wetu mkuu alikuwa bado mgeni, msichana wa Tanga, mtaratibu, mwenye kutenda haki. Alituita wote akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna matusi wodini, ya utani wala ya kweli, mlango hadi mlango. Nilitii. Kazi nilikuwa naipenda.

Komba aliletwa mvua zilipokwisha. Alikuwa mpasuaji mbao huko Mufindi, yeye na mdogo wake Osmundi. Kazi hiyo mnajua inavyofanywa, au pengine hamjui, siku hizi mbao zinatoka dukani. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anakaa chini shimoni, na msumeno mrefu unakwenda juu na chini kati yao kutwa nzima. Komba alikuwa wa juu, Osmundi wa chini. Siku moja gogo lilibiringika. Komba alivunjika mguu. Osmundi alikufa pale pale, na wapasuaji wenzao walimzika Nyololo wakati kaka yake analetwa kwetu juu ya lori.

Mguu uliunga. Dokta alitoa plasta, akagonga, akafurahi. Tatizo lilikuwa goti. Alituambia wazi: goti hili lisipoanza kukunjwa sasa litakauka, na likifika mvua za mwisho wa mwaka halijakunjwa, litabaki gongo maisha yake yote. Akaandika matembezi mepesi. Komba akageukia ukutani.

Mimi nilimhudumia kwa adabu zote. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bwana Komba, pole sana na msiba, umeamkaje?" Nilimletea uji. Nilizungumza naye kwa sauti ya chini kama kanisani. Kadiri nilivyozidi kumpa pole ndivyo alivyozidi kuusogelea ukuta. Uji aliuacha. Nyama ya paja ikaanza kuisha, na Dokta alikuwa akipita anaminya lile goti halafu anaondoka bila kusema.

Mama Tusajigwe alinitazama siku kadhaa. Kisha akaniita nje.

"Kalinga, mwanangu. Yule ni kabila gani?"

"Mngoni, mama."

"Na wewe?"

"Si unanijua, mama."

"Nakuuliza kwa sababu naona Mhehe anamwambia Mngoni pole mwezi mzima. Mtu wa watu atadhani amefika nchi asikojulikana."

"Sista amekataza, mama."

"Sista amekataza wodini," alisema. "Mimi nikimtukana yule, ni matusi. Nitafukuzwa, na nitakuwa nimestahili. Wewe ukimtukana unampa kilicho chake. Kalete machela."

Tulimweka Komba kwenye machela. Hakukataa wala hakukubali, alikuwa kama mzigo. Mwenzetu mmoja wa jikoni alishika upande wa miguu, mimi wa kichwa. Sista alitukuta ukumbini.

"Mnampeleka wapi?"

"Matembezi, Sista," alijibu Mama Tusajigwe.

"Mbona amelala?"

"Ni matembezi mepesi, Sista."

Sista akatupisha.

Tulivuka lango, tukavuka ua wa michongoma, tukashuka hatua chache za njia ya vinyungu. Mama Tusajigwe akasema hapo panatosha. Tukamkalisha Komba kwenye kigoda, mguu wake umenyooka mbele kama mti. Mtu wa jikoni akarudi na machela. Mama Tusajigwe akaenda kuyatazama maharage ya yule bibi, ametupa mgongo, akaniachia Mngoni wangu.

Kumtukana mtu mwenye kucheka ni rahisi.

"Wewe Mngoni," nikasema. Hakuinua kichwa. "Wewe Mngoni, nasema na wewe. Babu zako walipokuja kutupiga walikuja kwa miguu kutoka kusini yote ile. Walipotukimbia, walikimbia kwa miguu, tena upesi zaidi. Wewe umebebwa. Umewaaibisha kwenda na kurudi."

Nilisikia maji tu chini kule. Kisha Komba aliinua kichwa akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Kumbe wewe Mhehe."

"Ulidhani nani?"

"Sijui. Mtu wa mbali. Unasalimia kwa adabu mno." Akanitazama tena, juu mpaka chini. "Kwenu mbwa bado wapo, au mmemaliza?"

"Tumebakiza mmoja, wa kukukaribishia wewe."

Alianza kucheka, lakini kicheko kilipofika shingoni kiligeuka. Aliushika mdomo kwa mkono.

"Mlikuwa wapi?" alisema. "Mmejaa nchi hii yote kama siafu. Osmundi amezikwa pale Nyololo, wenzetu wamechimba, wamefukia, wamelia, wamekwenda kazini. Hakuna Mhehe hata mmoja aliyekuja kuzuia kaburi. Hakuna aliyemsema. Amezikwa kimya, kama mtu aliyeokotwa njiani."

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinamlaza. Wapasuaji wale walikuwa wageni kila mmoja na kwao, na hakuna aliyekumbuka kuwaita watani. Neno pole lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Nani alituita?" nikasema. "Ningejua kuna Mngoni amekufa ningekuja na ngoma."

"Basi njoo."

"Wapi?"

"Nyololo. Njoo umseme."

"Nitakuja. Lakini sikubebi. Mngoni amewahi kubebwa na Mhehe akiwa mateka tu. Siku utakayofika miwati kwa miguu yako na kurudi, nitakwenda na wewe Nyololo, na nitamsema mdogo wako mpaka ajute kufa."

Alilitazama goti lake. "Hili limekufa."

"Basi tutalizika huko huko. Inuka."

Aliinuka. Alinishika bega kwa nguvu iliyoniacha na alama, akaenda kutoka kwenye kigoda hadi tuta la kwanza la maharage, akasimama huku jasho linamtoka katika baridi ya mwezi wa sita. Mama Tusajigwe, bila kugeuka, alisema, "Hebu tazama, baba. Huyu amepanda au amemwaga?"

Baada ya hapo alianza kula. Kila asubuhi tulikwenda, na kila asubuhi wodini nilimwambia shikamoo kama Sista alivyotaka, na tulipovuka michongoma tulifunguliana midomo. Njia ya vinyungu aliimaliza. Watu wa bondeni walituzoea. Walikuwa wanaacha jembe ili wasikie leo nani kashinda. Siku moja Sista alikuwa anatoka kijijini akatukuta Komba ananieleza sura ya bibi yangu. Alikwenda kwa Mama Tusajigwe na wasiwasi.

"Mama, wale wanagombana?"

"Wanatembea, Sista."

Njia ya daraja ndiyo iliyotushinda. Si urefu, si goti. Tulifika pale kwenye magogo mawili, maji yanapita chini, na Komba akasimama. Nilimtania. Hakunisikia. Miguu yote miwili ilikuwa inatetemeka, hata ule mzima. Tulirudi. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Nilidhani anaogopa kuteleza. Siku ya nne nilifuata macho yake nikaona hatazami ng'ambo wala hatazami magogo. Anatazama chini ya magogo, mahali ambapo mtu wa chini angekuwa amesimama.

Sikuwa na akili ya kupanga kitu. Nilivua katambuga, nikakunja suruali, nikaingia mtoni. Maji ya Ruaha Mdogo mwezi wa saba si maji ya kuingia mtu mwenye busara. Nikasimama chini ya daraja, kiunoni, nikainua uso.

"Pita," nikasema.

"Toka hapo!" Sauti yake ilipanda mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakaacha nguo. "Kalinga, toka chini!"

"Sitoki mpaka upite. Ukianguka utamwangukia Mhehe. Hasara iko wapi?"

"Toka, nakuomba. Toka, mtani."

"Naganda, wewe Mngoni. Ukitaka nitoke, pita."

Niliona nyayo zake zinaingia juu ya gogo. Vumbi la maganda lilinidondokea machoni. Alikuwa anapita na huku anasema, hatua kwa hatua, "Upo? Upo?" na mimi najibu, "Nipo. Nipo." Gogo lilitoa mlio katikati, akasimama, nikasema, "Nipo, mpumbavu wewe," akaendelea. Alipofika ng'ambo alikaa chini kwenye majani akanyoosha mkono wake kwangu, nikautumia kutoka. Wanawake walikuwa wameshika vinywa. Mmoja aliuliza kama hospitali siku hizi inatibu wazimu pia.

Aliyelala na homa wiki ile nilikuwa mimi. Komba alikuja kwangu kwa miguu yake, na fimbo, akataka kujua kama nikifa shati langu atapewa yeye.

Alifika miwati na kurudi wakati nyasi zimekauka kabisa. Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo nilikwenda kwa Dokta kuomba ruhusa. Alikubali mara moja. Gari la hospitali lilikuwa linakwenda Nyololo kuchukua mbao za paa, tukapewa nafasi, na masharti ya kurudi jioni. Dereva alikuwa Bwana Shabani, mkazi wa Kihesa ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu safi, mwenye kanzu hata kazini siku za Ijumaa.

Nyololo tulikuta ukungu. Wapasuaji walituonyesha kwa kidole: bonde, kijito, kisha kilima cha upande wa pili. Gari haliwezi. Bwana Shabani alifunga milango akasema atakuja na sisi, hawezi kukaa barabarani peke yake na baridi hii. Njia ile haikuwa matembezi mepesi, hata mimi pumzi ilinitoka, na hakukuwa na shamba la mtu la kulisema. Komba alitangulia. Nilivunja kanuni ya Mama Tusajigwe nikatembea nyuma yake, kwa sababu safari hii aliyejua anakokwenda alikuwa yeye.

Kaburi lilikuwa tuta la kawaida, lina msalaba wa mbao nene. Walikuwa wameupasua wenyewe, mistari ya msumeno bado inaonekana. Tangu Ilawa nilikuwa nimejipangia maneno ya kumsema marehemu. Nilipoliona tuta yaliniishia yote. Komba alisimama ameegemea fimbo, ananisubiri. Aliutembeza mguu ule miezi yote kwa ajili ya maneno yangu, na mimi sikuwa na hata moja.

Basi nilifanya kile nilichoona wazee wakifanya. Nilikwenda nikalala juu ya kaburi, chali, miguu imenyooka, nikajifunika koti usoni.

"Hapitishwi mtu hapa," nikasema ndani ya koti. "Hii ni ardhi ya Wahehe. Kuna Mngoni amelala humu bila ruhusa. Toeni kuku, au namfukua mrudi naye Songea."

Nilimsikia Bwana Shabani akisema, "Astaghfirullah, jamani, mnafanya nini?" Komba akamweleza kwa sauti ya chini. Baada ya muda nikasikia Bwana Shabani amesogea pembeni na kuanza kumwombea dua yule marehemu wa Kikristo kwa Kiarabu, huku mimi nadai kuku. Hakuna aliyemzuia mwenziwe.

"Mtani, tusamehe," alisema Komba. "Hana pa kwenda."

"Alikuwa mtu gani, mpaka nimpe ardhi?"

Ubaridi wa udongo ulinipanda mgongoni.

"Mvivu," Komba alisema. "Mvivu kabisa. Alikuwa anaimba shimoni ili nidhani anavuta, kumbe ameushika tu. Mimi juu navuta peke yangu kama ng'ombe." Alivuta pumzi. "Akila viazi vyangu. Akivaa soksi zangu. Siku ile nilimwambia, Osmundi, sogea kule, gogo hili silipendi. Akaniimbia. Nikamwambia tena sogea. Akaimba zaidi."

Akacheka. Kisha akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza, na katikati ya kilio alikuwa anaendelea kumsema, soksi, viazi, uvivu. Mimi sikuondoa koti usoni. Sababu ninazo mwenyewe.

Mwishowe alinigonga mguu kwa fimbo. "Kuku nitakupa. Inuka, utamuumiza, mzito wewe."

Niliinuka. Tulipofika barabarani mbao zilikuwa zimepakiwa. Komba hakupanda. Alisema anabaki kwa wapasuaji, atalala kwao, na kesho atarudi tena kule kilimani kupalilia, na baadaye ataona. Nilimkumbusha kwamba Dokta bado hajamwandikia ruhusa ya kwenda kwao.

"Mwambie Dokta anifuate," alisema. "Kwa miguu."

Tulifika Ilawa jua linazama. Mama Tusajigwe alikuwa amesimama langoni. Alitazama ndani ya gari, akaona mbao, akamwona Bwana Shabani, akaniona mimi na koti lenye udongo mgongoni.

"Yuko wapi?"

"Amebaki, mama."

"Alilia?"

"Alilia."

"Halafu?"

"Halafu alinigonga na fimbo."

Alinitangulia kwenda wodini, nikamfuata. Alifika kwenye kitanda cha Komba, akakisogeza kutoka ukutani, akatandua shuka. Alilikung'uta dirishani, akanipa ncha mbili, akabaki na mbili, tukalikunja.